Vitanda vya Jumwa

Mwanamke wa Junda akishaonekana ana mimba, wenzake humwambia awahi kwa Jumwa kabla vitanda havijaisha. Jumwa Ruwa alikuwa na miaka hamsini na sita. Kumi na tisa kati ya hiyo aliipitisha katika kibanda cha mabati kando ya barabara, akiuza vitanda vya watoto vya mitumba. Vilimfikia vikiwa vimefunguliwa vipande vipande, skrubu zake ndani ya kimfuko, na kila mara zimepungua mbili tatu. Aliviunga mwenyewe, akavipiga msasa, akavipaka rangi nyeupe.

Alikuwa na desturi yake. Mtoto akikizidi kitanda kimo, mama alikirudisha, na badala yake akachagua nguo tatu za mtoto anayetembea kutoka kwenye rundo la pembeni. Jumwa akakipindua kitanda, akaandika jina la mtoto chini ya mbao, kikakaa kumngoja mwingine. Kimoja kilikuwa na majina saba. Watoto wawili wa hayo saba sasa walikuwa sekondari, na walipopita walimwamkia shikamoo bila kujua kwamba majina yao yamelala humo kibandani.

Mwezi wa sita notisi ilibandikwa kwenye lango la soko. Kuanzia mwezi uliofuata ilikuwa marufuku kuuza kitanda cha mtoto kilichotumika ambacho ubavu wake huteremka. Vile visivyoteremka ubavu viuzwe na godoro lake, na upenyo kati ya godoro na mbao usizidi vidole viwili. Sababu ilipewa mstari mmoja tu: mtoto aweza kuteleza katika upenyo huo akakosa hewa.

"Vidole viwili vya nani?" aliuliza Dorothy, jirani yake auzaye viatu. "Vyangu, au vya mkubwa wao? Nchi nzima imetengenea, sasa serikali imeingia vyumbani kupima magodoro!"

Watu walicheka, na Jumwa akacheka nao. Kisha akarudi kibandani na kutia vidole viwili kando ya godoro la kitanda kilichokuwa mbele. Vikaingia. Akatia vinne, vikaingia. Akakunja ngumi, nayo ikapita hadi kwenye kifundo cha mkono.

Alijua kwa nini. Vitanda vilikuja bila magodoro. Kila mama alikwenda kwa muuza sponji, naye sponji aliikata kwa futi, nne kwa mbili, kama alivyofunzwa na babake. Vitanda vilipimwa na watu wengine kwa kipimo kingine, vikazidi kidogo kwa urefu na kwa upana. Ile tofauti ilizibwa kwa leso. Jumwa mwenyewe ndiye aliyewafunza. "Kunja leso, isokomeze hapo," alikuwa akiwaambia, "mwana atalala kama mfalme." Na leso ilikaa vizuri wiki ya kwanza. Wiki ya pili mama aliitaka. Aliitaka ya kumbebea mtoto mgongoni, au ya kujifunga akienda mferejini kuchota maji. Akaichomoa, na mara nyingine akasahau kuirudisha.

Ndipo akamkumbuka Sarah wa Mishomoroni. Sarah alirudisha kitanda miaka minne nyuma, mtoto akiwa na miezi mitano tu. Alikiegemeza kwenye nguzo, akasema, "Mtoto ametutoka. Amelala mzima, hakuwa hata na homa." Jumwa alimwonyesha lile rundo la nguo, kwa mazoea tu, kabla akili haijamfikia. Sarah alilitazama na kuondoka. Wazee wa kwao walisema ni nyuni, yule pepo ndege anayewachukua wachanga, na Jumwa alikubali, kwa kuwa kwao Giriama hata yeye alilelewa akifungwa hirizi ya nyuni. Kitanda kile hakukiuza tena. Kitanda cha mtoto aliyekufa hakipewi mwingine. Alikipasua kuni.

Sasa alisimama na ngumi yake katikati ya sponji na mbao, na hakujua. Hapakuwa na wa kumwambia kama ilikuwa nyuni au ilikuwa leso.

Siku ya ukaguzi Dorothy alimjia asubuhi. "Vitoe vitano uvipeleke nyumbani, shoga. Lenox, mwenzio wa vitanda, amevihamisha vyake vyote usiku wa jana. Hapa amebakisha meza tupu na uso wa huzuni."

"Viache," alisema Jumwa.

"Basi wewe una pepo."

Mkaguzi aliitwa Absalom, mtu wa bara, mpole, mwenye kipande cha plastiki cha kupimia. Alivikuta vitanda vyote vinane vimepangwa mstari, na vyote ubavu wake ulikuwa wa kuteremka. Alivihesabu mara mbili kama asiyeamini kwamba hakuna kilichofichwa.

"Mwanangu," Jumwa alimwuliza, "haya ni ya kweli, au ni maneno ya karatasi?"

"Ni ya kweli, mama. Mtoto mdogo akiteleza hapo hajui kurudi nyuma."

"Halii?"

"Hapati nafasi ya kulia."

Lori lilichukua saba. Cha nane halikukichukua, kwa sababu Dorothy, katika ile purukushani, alikiburura kitanda kimoja hadi kwake na kukifunika kwa viatu. Baadaye alikifunua akitabasamu. "Nimekuokolea mtaji. Utanishukuru."

Siku ya pili alikuja Lynnette, mke wa Brandon wa bandarini. Walipanga chumba kimoja Bombolulu, na katika kitanda kimoja walikuwa tayari wanne. Wa tano alikuwa amebakiza wiki tatu. Jumwa alikuwa amemwahidi kitanda tangu Pasaka.

"Mama, nasikia kimoja kimebaki."

"Kimebaki, lakini sikuuzii."

"Kwa nini? Mwaka juzi ulimwuzia dada yangu."

"Ndiyo, nilimwuzia."

"Na mwanawe ni mzima, anatembea!" Lynnette alijishika kiuno. "Kipya dukani ni mshahara wa Brandon wa mwezi mzima. Basi niambie, hiyo notisi yenu imesema wangu alale wapi? Katikati yetu? Brandon akigeuka amlalie?"

Notisi haikuwa na jibu la hilo.

"Umezeeka, mama," alisema Lynnette, akashika njia.

Jumwa alikitoa kitanda kwa Dorothy, akakikata kwa msumeno mbele ya kibanda. Dorothy hakusema naye siku mbili. Kuanzia hapo Jumwa aliuza nguo tu. Wenye mimba walipofika aliwaambia hakuna, nao wakaelekea kwa Lenox, ambaye aliuza kwake nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, tena kwa bei ya juu kuliko zamani.

Mwezi wa nane Dorothy alimletea habari. Lynnette alikuwa amejifungua msichana, na kitanda alikuwa nacho. "Amekipata kwa Lenox. Cha aina ile ile ya kuteremka ubavu. Wewe ulikuwa wakimbia nini?"

Jumwa aliendelea kukunja nguo. Alizikunja mpaka zikaisha. Kisha akamwuliza Dorothy, "Ile notisi ilikataza kuuza. Kuukaza ubavu usishuke ilikataza?"

"Mimi nauza viatu, dada."

Alipitia kwa muuza sponji, akanunua kipande kinene ambacho hakijakatwa. Alibeba bisibisi, skrubu, kisu na utepe wa kupimia, akaenda Bombolulu kwa mguu. Lynnette alimfungulia akiwa na mtoto begani, kamfunika leso mgongoni.

"Sina cha kukurudishia," alisema Lynnette haraka.

"Sijafuata kitu. Nionyeshe anapolala."

Kitanda kilikuwa kimebanwa kati ya ukuta na meza ya jiko. Jumwa alipiga magoti, akautikisa ubavu, nao ukashuka wenyewe. Aliupandisha, akauzuia kwa skrubu nne, mbili kila upande, mpaka ukakataa kutikisika. Halafu akalitoa godoro la zamani, akapima ndani, kona kwa kona, akakata sponji sawasawa na mbao na kuitia. Ilibidi aisukume kwa ngumi ndipo ikakaa.

"Utamwinamia," alisema. "Mgongo utakuuma, maana hautashuka tena."

Lynnette alikuwa ameegemea mlango. "Na leso?"

"Leso ni yako. Mtie mwana, tumwone."

Lynnette alimlaza. Mtoto alijinyosha, akageuza uso mpaka shavu likagusa sponji pembeni, likakomea hapo.

"Mama," alisema Lynnette, "humu plotini tuko watatu tulionunua kwa Lenox. Mmoja ni Agneta wa chumba cha tisa. Wake ana miezi minne, na ameanza kujigeuza."

Jumwa alikuwa tayari ameshika meza ya jiko akijiinua.

"Yuko nyumbani saa hizi?"

"Yuko."

"Nishikie hiyo sponji iliyobaki," alisema, "twende."