Simu ya Katibu

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani nilichokifanya baadaye kilitokana na ushujaa. Naogopa mbwa, naogopa bahasha zenye mhuri, naogopa mkubwa wa kazi akiniambia njoo kidogo tuongee. Na kwa miaka sita nimekuwa katibu wa chama chetu cha kuzikana, kazi ambayo mwoga hafai kupewa. Walinipa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Chama chenyewe ni cha watu wa milima ya kwetu Ukambani tuliotawanyika upande huu wa magharibi wa Nairobi: Dagoretti, Kawangware, Uthiru, Kangemi. Kuna wachinjaji, walinzi, mafundi wa rangi, na kina mama wanaolea watoto wa watu kule Spring Valley. Majina na namba zao za simu zimo kwenye daftari jeusi ambalo halitoki mkobani mwangu. Tuna sheria moja ambayo haijaandikwa kwenye daftari hilo wala pengine popote. Mikutano na michango hutangazwa kwa ujumbe. Katibu akipiga simu, kuna mtu amefariki au amelazwa hali mahututi. Hapigi kusalimia, hapigi kuuliza bei ya nyanya. Ndiyo maana jina langu likitokea kwenye simu ya mtu wetu, huacha anachofanya. Fundi mmoja aliwahi kushuka ngazi na ndoo ya rangi mkononi ili anipokee.

Kazi yangu ya mshahara ilikuwa, na bado ni, chumba cha kufulia cha hospitali moja Parklands. Tunapokea mashuka machafu, tunatoa mashuka safi. Mwaka juzi uvumi ulianza kwamba ufuaji ungepewa kampuni ya nje. Tukaupuuza. Kisha siku moja wakaja wanaume watatu na futi, wakapima mashine zetu, wakapima mlango, wakaondoka bila kutusalimu. Nilikuwa na binti wawili sekondari na mume anayechinja ng'ombe kwa kibarua, leo yupo kesho hayupo. Kuanzia siku hiyo, kila msimamizi alipopita mlangoni nilishika shuka nililokuwa nakunja nikasahau kulikunja.

Hapo ndipo rafiki yangu aliponikuta. Tulikuwa tumepiga pasi meza moja miaka minne kabla hajaacha kazi. Alikuja langoni saa ya chakula, amevaa koti la ofisini, ananukia vizuri.

"Sasa, mrembo? Bado unapigia watu pasi?"

Nilicheka, ingawa iliniuma. Aliniambia nije mjini Jumamosi, nivae vizuri, na nisiulize maswali mengi kwa sababu mambo mazuri huharibiwa na maswali. Wakati wowote mwingine maneno hayo yangenikimbiza. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, nami nilikuwa nishaanza kunywa maji.

Ilikuwa ghorofa ya nne, jengo moja la uchochoroni karibu na barabara ya Tom Mboya. Ukumbi ulijaa viti vya plastiki na watu waliovaa kama wanaokwenda harusini. Tuliomba. Tulipiga makofi. Watu walisimama mmoja mmoja kushuhudia walivyokuwa na walivyo sasa. Bidhaa zilikuwa juu ya meza mbele: majani ya chai ya kusafisha damu, sabuni, na tembe za kila kitu. Ila niliona mapema kwamba hakuna aliyezungumzia chai kwa muda mrefu. Walizungumzia watu. Unalipa kiingilio, unapewa boksi lako, unaleta watu, nao wanaleta watu wao, na wote hao wako chini yako.

Mwalimu wa siku hiyo, kijana wa tai nyekundu, aliuliza nani kati yetu ana uhakika wa kazi yake mwakani. Hakuna aliyeinua mkono. Akatutazama mmoja mmoja, na mimi nikahisi anayaona yaliyo moyoni mwangu. Akasema woga ni ugonjwa na dawa yake ni hatua. Nami ndipo nikaogopa zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na hofu na bado natakiwa kuionea aibu.

Kisha tukagawiwa karatasi na kalamu. Kila mtu aandike majina mia moja ya watu anaowajua, na namba zao, kwa nusu saa. Ukumbi ukatulia. Jirani yangu aliandika majina kumi na mbili akaanza kutafuna kalamu. Watu walikuna vichwa, wakapekua simu zao, wakaishia thelathini. Mimi nilifungua mkoba, nikaliweka daftari jeusi mapajani, nikaanza kunakili.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu ni kwamba sikufikiria. Kwa miaka sita, kila nilipoambiwa niandike majina, nimelitoa lile daftari. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilimaliza wa kwanza, na kijana wa tai akaichukua karatasi yangu akaiinua juu ili wote waone. Alisema mama huyu amekalia hazina na hajui. Watu wakapiga makofi. Sikuwa nimewahi kupigiwa makofi maishani, hata siku ya harusi yangu walipiga vigelegele tu. Kichwa kilivimba. Msichana mmoja alipopita akipiga picha karatasi zetu kwa simu, ya kumbukumbu, alisema, nilimshikia yangu isikunjamane.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Alisikiliza akinoa kisu, kisha akauliza hiyo chai inafanya nini hasa. Nikamwambia inasafisha damu.

"Mimi nimemwaga damu miaka ishirini," akasema. "Sijawahi kuona iliyopigwa sabuni."

Tulicheka wote. Halafu akauliza majina niliyoandika ni ya nani, na kama wenyewe wanajua. Nikasema ni ya watu wa kanisani. Uongo ulinitoka haraka hata mimi nikashtuka. Akarudi kunoa kisu chake, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko kama angefoka.

Nilipewa hadi Ijumaa kuamua. Wiki hiyo sikula vizuri. Nikifikiria kukataa, naona wale watu wa futi wakirudi, naona binti zangu wameketi nyumbani na sare zao. Nikifikiria kukubali, kuna kitu ndani yangu kinakataa na sikijui jina. Nilitengeneza muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, nikautia chumvi mara mbili. Jumatano, siku yangu ya mapumziko, rafiki yangu aliniita mjini tujaribu simu moja tu, ili nione ilivyo rahisi. Tuliketi kwenye benchi la bustani katikati ya mji, kati ya wapiga picha na wahubiri. Alinipa karatasi yenye maneno ya kusema. Ilianza hivi: Nimepata kitu kizuri nikakukumbuka wewe kwanza.

Akaniambia nianze na mtu anayenipenda. Nilimchagua mama mmoja mjane wa Uthiru anayeuza maharagwe ya kuchemsha. Sisi wote chamani humwita Mwaitu, yaani mama, na mimi amenikanda mgongo nilipojifungua kitinda mimba wangu. Nikabonyeza namba yake na kuweka sauti ya nje ili rafiki yangu asikie.

Alipokea kabla simu haijalia mara mbili.

"Mwaitu," nikaanza.

Nilisikia kiti kikiburutwa sakafuni, kisha pumzi ya mtu mzee anayejishusha polepole. Hapo nikakumbuka. Mwaitu hapokei habari akiwa amesimama. Aliwahi kuniambia hivyo mwenyewe: siku waliyomletea habari ya mumewe alikuwa wima, akaanguka kwenye jiko.

"Nimeketi," akasema. "Sema sasa. Ni nani?"

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Nimepata kitu kizuri. Maneno niliyaona, lakini mdomo ulikataa kufunguka.

"Ni kijana yangu?" akauliza. Mwanawe mkubwa huendesha lori hadi mpakani. "Niambie tu, mwanangu. Ni yeye?"

"Hapana, Mwaitu. Hakuna mtu."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna. Nimebonyeza vibaya."

Nilisikia sufuria yake ikitokota. Kisha akamshukuru Mungu kwa Kikamba, mara tatu, kwa sauti ya kutetemeka, na akaniambia nisibonyeze vibaya tena kwa sababu moyo wake si wa ujana. Akakata.

Nilitarajia rafiki yangu anionee huruma, au anicheke. Badala yake macho yalikuwa yamemng'aa.

"Umeona vile anakuskiza?" akasema. "Alikuwa ameshakaa. Wewe hujui uko na nini. Watu wengine hutafuta hiyo kitu miaka kumi na hawapati."

Hapo ndipo hofu yangu ilipohama. Tangu wale watu wa futi waje nilikuwa nimeogopa njaa. Sasa niliogopa sauti yangu mwenyewe. Nilielewa kwamba ule woga wa Mwaitu, wa kuvuta kiti kabla hajaambiwa, ndio hasa waliokuwa wakiutaka ukumbini. Chai ilikuwa kisingizio. Nilimwambia rafiki yangu kwamba sijiungi, na kwamba naomba ile picha ya karatasi yangu ifutwe.

Akasema picha ilishatumwa kwa timu tangu Jumamosi, na si yeye aliyeituma, na hana uwezo wa kuirudisha. Nilimkasirikia vibaya. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Hakunijibu kwa hasira. Alitazama koti lake, akaondoa uzi begani, akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Dada yangu, wa tumbo moja na mimi, hapokei simu yangu. Mwaka mzima sasa. Nikitaka kujua mama anaendeleaje naulizia kwa jirani."

Nilitaka kumshika mkono na sikuweza, kwa kuwa bado nilikuwa na hasira. Tuliachana pale bustanini. Ijumaa ilifika ikapita.

Mwezi uliofuata simu zilianza. Watu wageni waliwapigia wanachama wetu wakisema wamepewa namba na katibu wao, na kwamba katibu mwenyewe amepona presha kwa hiyo chai. Sina presha. Fundi wa rangi alipigiwa mara nne. Katika mkutano mwenyekiti aliuliza taratibu kama kuna anayejua jambo hili. Nilisimama. Nilishika kiti kilichokuwa mbele yangu, nikasema yote: ukumbi, karatasi, daftari, makofi. Hata ule uongo wa watu wa kanisani, na mume wangu ameketi safu ya pili akinisikiliza. Nilipomaliza nilimkabidhi mwenyekiti daftari.

Hakulipokea. Mzee mmoja alisema maji yakimwagika hayazoleki, na mwingine akasema mwandiko wa nani mwingine unasomeka. Wakacheka kidogo, nami nikabaki katibu. Nilirudi nyumbani na daftari langu na sikusikia raha yoyote. Mwaitu alikuwa ameketi nyuma kabisa siku hiyo, na aliondoka kabla ya wengine.

Wale wa futi hawajarudi. Kila Jumatatu nafika kazini nikiwatarajia, na kila Jumatatu mashine ziko palepale. Sijui zitakuwapo hadi lini.

Miezi miwili baada ya ule mkutano, asubuhi ya Alhamisi, nilipigiwa simu kutoka Spring Valley. Mlinzi mmoja wa kwetu alikuwa amemaliza zamu yake ya usiku, akaketi kwenye kibanda cha langoni kufunga viatu vya kwendea nyumbani, na hakuinuka. Nilimjua vizuri. Alikuwa jirani wa Mwaitu, na ndiye aliyemtilia maji kwenye mtungi kila Jumapili.

Niliomba ruhusa, nikatoka nje nyuma ya chumba cha kufulia palipoanikwa mashuka, nikafungua daftari. Namba ya kwanza ililia ikakatwa. Ya pili ililia mpaka mwisho, nikapiga tena, ikalia mpaka mwisho. Ya tatu ilikuwa ya fundi wa rangi, yule wa kushuka ngazi. Alikata kabla sijasikia hata mlio. Nilisimama pale na simu sikioni, nikiwaza kwamba marehemu atalala peke yake, watu wake wasijue, kwa sababu ni mimi ninayepiga.

Nikampigia Mwaitu. Simu ililia muda mrefu. Alipopokea, nyuma yake nilisikia wateja, na kijiko kikikwangua sufuria bila kusimama.

"Katibu," akasema. Hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Leo ni chai, ama ni mtu?"

Nilisubiri nisikie kiti. Sikukisikia. Kijiko kiliendelea kukwangua.

"Vuta kiti, Mwaitu," nikamwambia. "Tafadhali, keti kwanza."