Siku Nilipozima Antivirus Ili Nimkamate Shemeji

Jamani, habari hii nilitaka nife nayo, lakini Baraka si mji wa kufa na siri: ukipiga chafya sokoni asubuhi, jioni kijiji jirani cha Lweba wanakuuliza umepona. Sasa kwa kuwa mmeshaisikia, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (juzi nimesikia eti nilikuwa uchi kabisa, uongo mtupu, taulo lilikuwepo), bora mnisikilize mimi mwenyewe mwenye aibu yangu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kushuku. Nafundisha darasa la sita, na miaka yote ya kusimamia mitihani imenifundisha kwamba mtoto anayetazama dari, jibu ameliandika kwenye dari. Nyumbani nami ni hivyo hivyo, sukari ikishuka kidole kimoja nataka kujua nani katia kidole. Mke wangu, Mama Riziki, alishanichoka. "We Papa Riziki," ananiambiaga, "ata kivuli yako utaiomba karte," yaani kitambulisho.

Baba mkwe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na tulipanga kuanua matanga kwangu, Baraka, maana ndugu wa Swima na wa milimani wote wangefika kwa urahisi. Mama mkwe akateremka kutoka Lubondja mapema, akisindikizwa na mwanawe Wilondja, kaka mkubwa wa mke wangu, na kwenye ncha ya kitenge chake alikuwa amefunga flashi. Ndani ya flashi mlikuwa na picha sita za mzee, na duniani hakuna nyingine, kwa sababu zile za karatasi ziliungua pamoja na nyumba walipokimbia vita. Kazi yangu ilikuwa kuchagua moja, kuisafisha na kuikuza, kisha kwenda kuichapisha kubwa isimame mbele ya watu siku ya sherehe.

Flashi hakunipa mkononi. Alimpa binti yake, binti yake akanipa mimi. Kwetu mkwe na mkwe hawapeani vitu, hawali pamoja, hawatazamani usoni, akiingia mlango wa mbele mimi natokea wa nyuma, na kuonwa na mama mkwe kifua wazi ni kosa ambalo halifutwi na maneno, linafutwa na mbuzi. Shikeni hilo la mbuzi.

Picha niliitengeneza jioni mbili ikapendeza, nikaiacha wazi imejaa kioo kizima, flashi ikiwa bado imechomekwa, nikafunika kompyuta. Niwaambie pia kwamba kompyuta yangu siizimi kamwe, kuwaka kwake ni muda wa kuivisha maharagwe, kwa hiyo nafunika tu inalala, nikifunua inaamka palepale ilipoishia. Na zile picha sikuzinakili mahali pengine popote, kwa sababu (sikieni akili hii) kitu chenye nakala mbili kina wezi wawili.

Dalili zikaanza. Jumatatu natoka shule nakuta alama ya kidole chenye mawese juu ya kifuniko. Jumanne betri niliyoiacha imejaa imeshuka. Jumatano kiti kimesogezwa. Asubuhi watu wakishatawanyika, nyumbani wanabaki wawili tu, mama mkwe na Wilondja, na mama mkwe hata redio hajui kuiwasha, basi hesabu ikanipa mtu mmoja. Ningeweza kumuuliza, sebuleni tunakaa wote. Lakini mtu wa kushuku haulizi, anatega.

Sokoni kuna kijana mmoja anayejaza nyimbo kwenye simu, akanipa, kwenye flashi nyingine, programu inayopiga picha kwa siri: mtu akifunua tu kompyuta, kamera inamchukua uso na kuuweka kwenye folda. Nikafurahi mpaka nikasahau kununua chumvi. Kufika nyumbani, kuichomeka tu, antivirus ikapiga kelele, dirisha jekundu, Kifaransa kikali kwamba hii ni hatari, ikaifuta. Nikajaribu tena, ikaifuta tena.

Hiyo antivirus aliiweka Papa Saleh, mwenye duka la kuchapisha, na alishaniambia, "Mwalimu, huyu ni zamu yako, usimuzimake," na zamu kwetu ni mlinzi wa mlangoni. Nikakaa nikaitazama. Kwa nini mlinzi hataki mwizi apigwe picha? Mlinzi anayemzuia polisi mlangoni, si anakula na mwizi? Halafu nikakumbuka kwamba Saleh na Wilondja Jumapili walitazama mpira pamoja, na hapo nikaona njama nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nikapeleka mshale kwenye kile kingao kidogo karibu na saa, nikabonyeza, ikaniuliza nataka kuizima kwa dakika kumi, kwa saa moja, au mpaka kompyuta iwashwe upya. Nikachagua ya tatu. Ikauliza tena kama nina hakika. Ndugu zangu, sijawahi kuwa na hakika kama siku ile. Programu ikaingia bila kelele.

Nilijiambia ni kwa muda tu, jioni nitaiwasha upya. Jioni nikawaza, mlinzi akiamka si atammeza mpelelezi wangu? Nikairudisha picha ya mzee kwenye kioo, nikafunika kompyuta kama kawaida, na "kwa muda" ikawa siku tisa.

Siku zote tisa ile folda sikuifungua hata mara moja, ingawa mikono iliniwasha. Nikiifungua peke yangu Wilondja atasema picha nimezipika, ushahidi lazima ufunguliwe mbele ya mashahidi. Katikati ya siku hizo kikapotea kipande cha samaki alichowekewa mama mkwe, Wilondja akacheka, nami nikasema kwa sauti kwamba anayecheka samaki akipotea ajulikane. (Samaki nilikula mimi. Nitafika huko.)

Alhamisi, sherehe ikiwa Jumamosi, nikachukua flashi kwenda kwa Saleh. Alipoichomeka tu mashini yake ikalia, na pale zilipokuwa picha sita pakawa na vimishale sita, ukibonyeza, hakuna kitu.

"Mwalimu, flashi yako iko mugonjwa," akasema. "Picha haionekane. Kwako kule, ulizima antivirus?"

"Mimi? Hapana!"

Sikusita hata kidogo, kwa sababu akilini mwangu mwenye kosa alishapatikana: Wilondja amefuta picha za baba yake mzazi ili mimi niumbuke mbele ya ukoo. Nikamwambia Saleh aje kwangu saa kumi na moja jioni, aone kwa macho yake.

Saa kumi na moja uwanja ulikuwa umejaa. Wazee wa Swima wamefika, akina mama wanatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba, mama mkwe yuko pamoja nao. Nikaweka kompyuta juu ya meza, kioo kikiwaelekea watu, nikasimama kama niko mbele ya darasa.

"Wazee wangu, picha za mzee zimepotea," nikasema, "na aliyezipoteza yuko hapa hapa."

Michi ikanyamaza. Mama mkwe akaja mbio, akasimama upande wa pili wa meza, mbele yangu kabisa, desturi ikawekwa kando, maana aliyepotea ni mume wake.

Wilondja akainuka. "Unasema nani, shemeki?"

"Usikimbie tu. Siku za mwizi ni arobaini, zako zimetimia."

Nikafungua folda.

Picha ya kwanza: mimi. Nimetoka kuoga, taulo kiunoni, kifua kinachuruzika maji, natazama kioo nikijichokoa meno. Picha ya pili: mimi na taulo langu, na mkononi samaki, mdomo wazi. Picha ya tatu: mimi tena, taulo lilelile, kidole juu, nafanya mazoezi ya hotuba hii hii niliyotoka kuitoa. Kila nilipotoka kuoga nikaifunua kompyuta, kamera sikuikumbuka hata siku moja, mtego niliutega mimi na aliyeusahau ni mimi. Mama Riziki akajifunika uso kwa kitenge. Mzee mmoja wa Swima akakohoa, akasema, "Mwalimu, mwizi yako anakufanana sana," na uwanja ukalipuka kwa kicheko, na mimi badala ya kufunga nikabonyeza mbele haraka haraka, jasho linanitoka, nikiwa bado naamini kwamba inayofuata ni ya Wilondja.

Iliyofuata ilikuwa ya mama mkwe. Uso wake uko karibu sana, kilemba kimelegea, mkono umenyooshwa kuelekea kioo. Nikabonyeza. Yeye tena, kitenge kingine. Nikabonyeza. Yeye tena, na safari hii machozi. Kila asubuhi moja. Kicheko kilikatika.

Hakunitazama. Alimwambia binti yake, kama inavyopaswa.

"Umwambie bwana yako, mwizi ni miye. Asubui bantu bote bakiisha kwenda, nilikuwa nainulaka tu kale kafuniko, na mzee anaonekana. Namusalimia, nafunika. Sikugusa kitu." Akaelekeza kidole kwenye kioo. "Sasa umuulize, yeye alimupeleka wapi?"

Saleh akaomba kiti, akaikagua kompyuta, akasoma kwa sauti ambayo hata watoto wa jirani waliisikia, kwamba ulinzi umezimwa siku tisa na aliyeuzima ni mwenye kompyuta.

"Mwalimu, hii ulizima weye."

"Kwa muda tu," nikasema.

"Muda gani?"

Akawaeleza watu kwamba ile programu ya sokoni ndiyo iliyoleta ugonjwa, nami ndiye niliyeifungulia mlango. Akaiwasha kompyuta upya mbele yangu, jambo ambalo lingenigharimu muda wa sufuria moja ya maharagwe tangu siku ya kwanza, kisha akaondoka nayo pamoja na flashi. Mchimba kisima, wanasema, huingia mwenyewe, lakini mimi niliingia mbele ya wakwe na bila shati. Na niseme ukweli, aibu ya taulo niliimeza. Iliyonikaba ni ile nyingine, kwamba mjane alikuwa na mahali pamoja tu pa kumsalimia mumewe, na mimi nikapaita wizi, kisha nikapafuta. Usiku ule sikula, wala hakuna aliyenibembeleza nile.

Ijumaa mchana Saleh akarudi. Picha hazikuwa zimekufa, ule ugonjwa ulikuwa umezificha tu na kuweka vimishale mahali pake, akazitoa zote sita. Ile niliyoikuza ilikuwa imeharibika, tukaitengeneza upya dukani kwake, nami nimekaa pembeni nimetulia kama mwanafunzi aliyerudia darasa. Jumamosi mzee alisimama mbele ya watu, mkubwa, anatabasamu.

Nilitoa mbuzi wawili, mmoja wa kifua wazi kwa mama mkwe, mmoja wa Wilondja. Mama mkwe alimpokea wake, akatuma neno kupitia kwa mke wangu: "Siku ingine akitaka kujua nani alifungua, aulize. Tuko na kinywa." Wazee walicheka wakapiga makofi.

Basi nimeapa. Antivirus sizimi tena, hata inikatalie nini, hata kwa dakika kumi. Kompyuta naizima kabisa kila jioni, na naizima kabla ya kuoga. Picha za mzee ziko nakala tatu, moja kwa Saleh. Na kitu kikipotea nyumbani kwangu sitegi mtego, nauliza, kuuliza si ujinga.

Ila Wilondja aliondoka Jumatatu. Nilimsindikiza mpaka kwenye pikipiki, akanipa mkono, akashukuru kwa mbuzi, macho yake yako barabarani. Mpaka leo sijamuuliza kama amenisamehe, kwa sababu jibu naliogopa.