Matanga Mbele ya Atelye

Hebu mtazameni anavyokuja. Ni asubuhi, huko Majengo, mtaa wa Goma, kwenye barabara ya mawe meusi ya volkano. Pikipiki zinampigia honi kwa nyuma, naye hana haraka ya kuzipisha. Ni mwanamke wa makamo, mnene kidogo. Kitenge amekifunga kiunoni kwa nguvu kama mtu anayekwenda matanga, na kwapani amebana mkeka. Wanaomjua wanatazamana, maana hakuna aliyesikia kilio mtaani. Huyo ndiye Léonie Mukamazimpaka, fundi wa kushona, mzaliwa wa Kibumba. Haendi msibani. Anakwenda kazini.

Ngojeni niwaeleze polepole, maana hadithi hii haina haraka kama nguo wanazoshona pale anakokwenda.

Nguo za siku hizi, ndugu zangu, zina haraka. Zamani ulimpelekea fundi kitenge chako, akakupima, mkapiga gumzo, ukarudi baada ya wiki ukaambiwa bado. Sasa dada anaona gauni kwenye simu Jumatatu, Jumamosi anataka awe amelivaa arusini, na mwezi ujao hataki hata kuliona. Papa Namegabe, mtu wa Bukavu aliyehamia Goma, aliyaelewa hayo mapema. Alikodi nyumba ya mbao yenye dirisha moja la nondo, akapanga ndani cherehani za kukanyaga kwa mguu, akaiita atelye, akaanza kupokea oda za wafanyabiashara wa Bukavu. Si mtu mbaya. Jumapili kanisani anaimba sauti ya chini vizuri kabisa. Ila aliogopa wizi, na aliogopa wamama kutokatoka, huyu kunyonyesha, yule kununua ndizi. Basi oda ikibana, aliwafungia wafanyakazi wake kwa kufuli, kwa nje, na ufunguo akaenda nao mfukoni.

Wamama walinung'unika, lakini chini chini, na Léonie naye chini chini kama wengine. Kazi nyingine unaitafuta wapi?

Mpaka siku ile cheche iliporuka kutoka kwenye pasi ya makaa ikaangukia rundo la vipande vya vitambaa. Kitambaa cha bei rahisi hakiungui kama pamba. Kinayeyuka, na moshi wake unakaba koo. Exaucée, binti aliyekuwa anapiga pasi, alimwaga maji ya kunywa ya watu wote, na hayakutosha. Papa Namegabe alikuwa mpakani anangoja vifungo vya magauni, ufunguo mfukoni. Aliyewaokoa ni Kamate, jirani anayechomelea milango ya chuma: alisikia makelele, akaja na mashine yake akalikata kufuli. Hakufa mtu. Exaucée alikohoa mpaka jioni.

Kesho yake Papa Namegabe, patron wao, alikuja na pole nyingi, na mikate, na kufuli jipya kubwa kuliko lile la kwanza.

Hapo ndipo Léonie alipoacha kunung'unika chini chini. Alimwendea, akamwomba mlango ukae wazi. Akaulizwa mwizi akiingia nani atalipa. Akaomba basi ufunguo ubaki kwao, mle ndani. Akaambiwa kama kazi imemshinda, Goma ina wamama wengi wanaojua kukanyaga cherehani. Alirudi kwenye kiti chake akamaliza mikono ya gauni iliyobaki. Dorine, mwenzake mwenye ulimi mkali, anasema alishona siku ile na midomo imebanwa kama ametia sindano kinywani.

Asubuhi iliyofuata ndiyo hii niliyowaonyesha. Léonie alitandika mkeka mbele ya mlango, akaketi, akanyoosha miguu. Dorine alipofika alicheka.

"Mama Léonie, ni nani mwenye alikufa?"

"Hakuna bado," akajibu. "Nilikuja mapema tu. Ile siku tutakuwa mule ndani sisi wote. Nani atabakia inje ya kutulilia?"

Dorine hakucheka tena. Aliketi. Exaucée akaketi. Mmoja mmoja, mkeka ukajaa.

Mnajua desturi yetu: penye matanga hupiti hivi hivi. Kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, alisimamisha mzigo wake wa makaa, akavua kofia. Muuza mihogo akaleta kiti chake, jirani mwingine akaleta ndoo ya maji. Kila aliyeuliza nani amefariki alijibiwa vilevile, kwamba bado, wanamlilia yule atakayefia nyuma ya kufuli. Watu waliguna, wakalitazama kufuli, wakakaa kidogo. Kamate alizima mashine yake kwa heshima.

Papa Namegabe alifika akitikisa funguo. Alianza kusema akiwa amesimama: wafanyabiashara wanapiga simu, magauni lazima yapande boti ya Bukavu. Hakuna aliyejibu. Kwetu mtu haongei na wenye matanga akiwa wima. Hukaa kwanza, akanyamaza, ndipo akasema. Naye alilijua hilo, ni mtoto wa watu. Alienda, akarudi. Simu ikalia, akaikata. Watu walizidi kujaa. Mwishowe akavuta juu kidogo suruali yake iliyopigwa pasi, akaketi juu ya mawe, maana kwenye mkeka hakuna aliyemsogezea nafasi.

"Poleni," akasema.

"Asante, papa," wakaitika.

Kisha akasema mlango hautafungwa tena wakiwa ndani. Na bila kumtazama akaongeza kwamba Léonie arudi nyumbani, amewaletea kisirani.

Léonie akainuka. Aliwaambia wenzake waingie, alichotaka ni mlango tu. Dorine akamkamata kitenge.

"Papa patron," akasema, "umekaa kwa matanga. Ni matanga gani, hata kule kwenu Bukavu, mutu alikuja kusema pole akafukuza mwenye msiba?"

Kijana wa chukudu ndiye aliyecheka kwanza. Wapo wanaosema patron naye alicheka. Alisimama, akafungua kufuli, akampa Kamate akaligeuze kuwa chuma cha kazi nyingine. Wakaingia wote, Léonie katikati yao.

Ukipita leo utaukuta mlango wazi. Vumbi linaingia, na Dorine analilalamikia kila siku. Wanapokezana kukaa mlangoni kulinda vitambaa, na kazi inakwenda taratibu kidogo. Lakini magauni hayakuacha haraka yake. Wafanyabiashara wamepeleka nusu ya oda kwenye atelye nyingine, ng'ambo ya soko, na ile nayo hufungwa kwa nje. Jioni Léonie anapita pale, anasikia cherehani zinalia ndani, anapunguza mwendo. Yeye hamfahamu hata mmoja wa wale walio ndani, na hakuna aliyemwita. Nikuulize wewe uliyenisikiliza mpaka hapa: matanga ya watu usiowajua, nani huketi wa kwanza?