Shimo Lililovimbiwa

Dusabe hajui kumwambia mtu hapana. Alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akipanga foleni na ndoo, na mara nyingi akifika mbele aliambiwa maji yamekwisha. Aliporudi kwao Rumonge, kando ya ziwa, aliapa: hakuna atakayemjia na chombo akaondoka nacho vilevile. Kiapo kizuri, lakini nusura kimfungie kinu chake cha mawese.

Maji machafu ya kinu huingia katika shimo lililofunikwa, lisilopitisha hewa. Humo vijidudu hula mabaki ya mafuta na kutoa gesi, nayo hupita kwenye mpira hadi jikoni, kuchemshia chikichi. Zamani maji hayo yalikwenda ziwani, wavuvi wakatutukana hata sisi majirani, na serikali ya komine ikaonya kwamba yakionekana tena, kinu kinafungwa.

Msimu ulipopamba moto, wenye vinu vingine wakaja na mapipa yao ya maji machafu. Dusabe akapokea yote. Siku ya nne moto wa gesi ukafifia. Yeye, mama wa watoto sita, akadhani shimo lina njaa, akaliongezea. Moto ukazimika kabisa, uvundo mchachu ukatufukuza majirani. Nilimfokea, nakiri. Shimo lilikaribia kufurika, na wakaguzi wa komine walitarajiwa baada ya wiki mbili.

Tukamwita Ibrahim, mtengeneza sabuni. Alichovya kijiti, akanusa, akacheka.

"Mama Dusabe, hii tumbo haiko na njaa. Imevimbiwa! Ulete majivu ya mikungu ya chikichi, ile tunaweka mu sabuni, itaondoa uchachu. Na usiipe chakula, hata ikilia."

Majivu yakaingia kidogo kidogo, pamoja na samadi mbichi ya kuongeza vijidudu. Kinu kikasimama. Dusabe akakonda kwa wasiwasi, kiberiti mkononi kutwa. Siku ya kumi na moja moto wa buluu ukawaka, fuu! Alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika, nami nikajikuta nalia.

Wakaguzi walikunywa chai iliyochemkia kwenye moto huohuo, wakaondoka wameridhika. Mara akaja Ibrahim, pipa la maji yaliyooshea mawese limefungwa kwenye baiskeli.

Dusabe akalitazama pipa. Akalitazama na shimo.

"Ibrahim, ndugu yangu, murakoze, asante sana. Lakini hapana. Leo imeshiba. Urudi kesho."

Ibrahim akacheka, akageuza baiskeli. Hakufika mbali, Dusabe akamkimbilia na birika.

"Ngoja! Hauwezi kurudi hivi hivi. Lete kopo."

Akamjazia chai mpaka ikamwagika.