Stuli ya Meza ya Mayai

Siku ya kumi na tisa tangu apasuliwe mguu wa kushoto, Munyoki aliizunguka nyumba yake ya Ukunda mara arubaini kabla ya kunywa chai. Kuku walikuwa wameshamzoea, hata hawakujisumbua kumpisha. Mkewe Nzembi alimtazama kutoka mlango wa jikoni.

"Baba Kavenya, daktari alisema utembee. Hakusema ututie kizunguzungu."

Daktari wa Msambweni alikuwa amesema mengi. Alipokwisha kuitoa ile mishipa iliyovimba na kujisokota kutoka kifundo cha mguu hadi juu ya goti, alimpa Munyoki masharti. Atembee kila siku. Akikaa, ainue mguu. Na mchana kutwa avae soksi ya kubana inayofika pajani, kuwe na joto kusiwe na joto. "Ukitembea sawa, ukikaa sawa," alimwambia. "Kusimama mahali pamoja ndiko nisikokutaka."

Na kazi ya Munyoki ilikuwa ndiyo hiyo, kusimama mahali pamoja. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa nyuma ya meza ya mayai katika hoteli moja ya Diani, akiwakaangia wageni vimanda mbele ya macho yao kuanzia alfajiri hadi saa nne na nusu. Walikuwako wageni waliorudi kila mwaka wakamwita kwa jina. Kwao Munyoki, huko kwenye mashamba ya walowezi wa Kikamba Shimba Hills, hakuna aliyejua kugeuza yai hewani, wala hakuna aliyeona haja. Pale mezani ndipo alipojiona mtu. Sasa likizo ya wiki sita ikiisha, atarudi kwenye nini? Mpishi asiyeweza kusimama ni mpishi wa namna gani? Hilo lilimnyima raha kuliko mshono.

Basi kulala hakuweza, na kukaa hakuweza. Wanawake wa kanisani walikuja kumwombea wakamkuta mgonjwa wao akitoka dukani, jasho likimchuruzika. Walimwombea hivyo hivyo, lakini kwa sauti ya chini, kama watu walioitwa kwa jambo ambalo si kubwa kama walivyodhani.

Kilichommaliza kabisa ni simu ya mpishi mwenzake. Alimwambia kwamba meza ya mayai imepewa Mapenzi, yule mama aliyekuwa akikata matunda.

"Anaiweza?" Munyoki aliuliza, akiomba moyoni asiambiwe ndiyo.

"Anaiweza, bwana. Tena wageni wanampenda."

Siku hiyo ya kumi na tisa, Nzembi alipomaliza kumvuta ile soksi mguuni, akihema kama anayemvalisha mtoto mkaidi, Munyoki alisema anakwenda kutembea kama kawaida. Hakuzunguka nyumba. Alishika barabara ya kuteremka Diani, akapita maduka, akapita lango la hoteli ya kwanza na la pili, na mguu ukawa unamvuta lakini hakuujali. Alikuwa amejiandalia maneno. Angemwambia mkuu wa jikoni, Bwana Ngala, kwamba amepona, na kwamba Jumatatu angerudi mahali pake. Ulikuwa uongo mtupu, na aliujua.

Askari wa lango la wafanyakazi alimkumbatia, akampitisha. Munyoki alipofika pembeni ya ukumbi wa chakula alisimama nyuma ya nguzo, akachungulia. Mapenzi alikuwa mezani kwake, kofia nyeupe kichwani, akimgeuzia mzungu mmoja kimanda.

Alikuwa amekaa.

Amekaa juu ya stuli ndefu ya mbao, miguu imetulia kwenye kipago cha chini, anacheka na mgeni. Munyoki alihisi hasira ikimpanda hadi masikioni. Alingoja mgeni wa mwisho aondoke, ndipo akajitokeza.

"Shikamoo, mzee Munyoki!" Mapenzi aliruka chini. "Umeamkaje? Mguu je?"

"Marahaba. Nani amekupa hiyo stuli?"

"Bwana Ngala."

Bwana Ngala mwenyewe alikuwa akija, anatabasamu. Munyoki hakungoja salamu. "Tangu lini mpishi wa mbele akakaa?"

Ngala alishangaa. "Tangu aliposema magoti yanamuuma. Aliomba Jumanne, fundi akaileta Jumatano. Kwani kuna ubaya, mzee?"

"Mimi niliambiwa hakuna kukaa. Siku yangu ya kwanza kabisa. Yule mkuu mrefu wa zamani alinionya kwamba mpishi wa mbele akikaa, amefukuzwa."

"Yule?" Ngala alikunja uso akijaribu kukumbuka. "Yule aliondoka kabla mimi sijaajiriwa, mzee. Miaka kumi na minane sasa. Mimi nilidhani unapenda kusimama."

Munyoki aliinama akaitazama miguu yake. Mwenye amri alikuwa ameshaondoka, na amri yake ikabaki miguuni mwa mtu mmoja tu, ambaye hakuwahi kuuliza.

"Kaa, mzee," Mapenzi alisema kwa upole. "Umetembea mbali."

Aliitazama ile stuli kwa chuki. Kisha akakaa, maana mguu ulikuwa unawaka moto. Mapenzi alimsogezea kreti tupu ya soda, akauinua mguu wa kushoto na kuuweka juu yake. Munyoki alinyoosha mkono polepole kuelekea jiko lililokwisha kuzimwa. Akashika mpini wa kikaango. Akanyoosha mkono wa pili, akafikia bakuli la mayai, akafikia chumvi, akafikia kila kitu.

Mikono yake ilifika vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomliza.