Mashine ya Zaituni Iliyokunywa Maneno

Wenzangu mliosoma Itigi enzi za kaptula zenye viraka na sketi za kurithi kwa dada, mtanisahihisha nikikosea. Mchana tulikula ugali wa uwele na mlenda, tukacheza rede mpaka vumbi likatubadilisha rangi, halafu tukakaa nyuma ya darasa la tano, kila mmoja na kipande chake cha sega la asali mdomoni, tukimsubiri Zaituni.

Zaituni alikuwa binti wa fundi wa reli, mwembamba, mwenye kigugumizi kidogo kilichopotea kabisa akianza kusimulia. Wengine walisimulia sungura na fisi. Yeye alitusimulia mwaka elfu mbili, ambao kwetu ulikuwa mbali kuliko Ulaya. Mwaka huo, alisema, mvua imekoma duniani kote, na maji yote yanalindwa na mashine moja kubwa ya chuma. Ukitaka kikombe, unaipa mashine neno moja. Ukishalitoa, hulisemi tena maisha yako yote. Mashine ndiyo inalisema, tena kwa sauti yako.

Sisi tuliokuwa tunapanga ndoo kisimani tangu alfajiri tuliona hilo linawezekana kabisa. Tukaanza kuchagua maneno ya kutoa. Mimi nilitoa "hesabu" na "fagia". Mdogo wangu Neema, wa darasa la kwanza, alitoa "shikamoo". Mama alipomuuliza mbona hamwamkii bibi, akajibu kwamba lile neno ameshalinywea maji.

"Utalitapika sasa hivi," mama akasema. Likatoka.

Siku moja akaja mgeni shuleni, bwana mmoja mpole, kurekodi nyimbo za wanafunzi kwa redio kaseti. Darasa la kwanza wakaimba. Mgeni akabonyeza kitufe, na sauti zao zikatoka ndani ya redio, ile nyembamba ya Neema ikisikika kuliko zote. Kabla mwalimu hajafungua mdomo, darasa zima lilikuwa nje, wengine kwa mlango, wengine kwa dirisha. Wengi walikimbilia nyumbani. Neema alikimbilia vichakani.

Vichaka vya Itigi mnavijua. Ukiingia hatua kumi, hujui ulikotokea. Tulimtafuta tangu saa tano mpaka jua likaanza kushuka. Baba aliacha mizinga yake ya nyuki, walimu wakaja, mama akaita mpaka sauti ikakauka. Zaituni alikuwa nyuma yangu, machozi yanamtiririka, kisha akanishika mkono.

"Anatusikia," akasema. "Anadhani ni mashine inaita. Mimi ndiye niliyewaambia inaita kwa sauti za watu."

Akawaomba wakubwa wanyamaze, jambo ambalo mtoto wa wakati ule hakuthubutu kulifanya. Mwalimu mmoja akataka kumkemea. Mama akasema, "Mwacheni aseme."

Zaituni akakaa chini kwenye majani makavu, akaanza sehemu ambayo hatukuwahi kuisikia. Mashine, alisema, inajua kurudia tu, haijui kutunga. Hapo hapo akatunga habari za msichana aitwaye Neema aliyejificha kichakani, nyuki wakamwomba awe malkia wao, akakataa kwa sababu nyuki hawapiki ugali. Safari hii kigugumizi hakikumwacha. Alikwama, akarudi nyuma, akaendelea. Baba alisimama kofia mkononi kama yuko kanisani.

Kutoka karibu sana, chini ya kichaka tulichokwisha kukipita mara tatu, sauti ikauliza, "Sasa nyuki wakampa nini?"

"To-toka nikwambie."

Neema akatoka, mikono imechanwa na miiba. Mama alimkumbatia kwanza, fimbo ikafuata, kwa utaratibu wa siku zile. Zaituni hakuguswa. Kesho yake mama alimpelekea bakuli la karanga za kukaanga, akamwambia, "Mwanangu, sasa jaribu na hadithi za sungura."

Hakujaribu. Muhula uliofuata baba yake alihamishwa, wakapanda treni, na hatukujua ile mashine iliishia wapi.

Siku hizi binti yangu anatazama filamu ya dunia ikiteketea kwenye simu huku anakula chipsi, na jasho halimtoki. Akichoka kusubiri, anasogeza mbele aone inavyoisha, kisha ananiomba bando. Nilimsimulia haya, akanisikiliza kwa jicho moja.

"Sasa mama, mmekaaje miaka yote hiyo bila kujua mwisho?"

Tumekaa hivyo hivyo. Neema anasema mashine ilipasuka kwa wingi wa maneno. Mimi nasema ilichoka kuongea peke yake. Tukikutana Itigi sikukuu, tunabishana mpaka chai inapoa, na kila mwaka kila mmoja anakuja na mwisho mpya. Binti yangu anatuona wazee tusio na kazi. Labda. Ila huwa najiuliza yeye na wenzake watabishana nini wakifika umri wetu, maana mwisho wa kila kitu wameshauona.