Jiwe Nililolipiga Bila Kubisha Hodi

Mimi ni mtu wa mawe. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini panda kilima chochote hapa Mwanza, uliza nani alipasua mwamba ule wakapata kiwanja, nani alishusha mawe ya msingi wa kanisa lile, utatajiwa mimi. Nilianza na nyundo ya kuazima, nimekalia kiroba pembeni ya mto Mirongo, naponda kokoto za kuuza kwa debe. Leo nina malori mawili na mashine ya kusaga mawe kule Usagara, na wapo wahandisi wenye vyeti vyao ukutani wanaonipigia simu kuniuliza jiwe fulani litapasukia wapi. Sisemi haya kwa majivuno. Au tuseme ni majivuno, basi, maana nimechoka kuyavalisha nguo nyingine. Ndiyo yaliyomwondoa dada yangu kilimani.

Dada huyo ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki mimi sijaanza kutembea vizuri, na dada aliponda kokoto mimi nikiwa mgongoni mwake, kwa hiyo naweza kusema mlio wa nyundo niliusikia kabla sijajua kuongea. Kusoma alijifunza ukubwani, kanisani, na akawa ananisomea Neno kila jioni ya Alhamisi jumuiya inapokutana kwake, kwa sababu mimi herufi zinanichosha. Nilimjengea nyumba nzuri ya tambarare, yenye bati la rangi na bomba ndani. Alikwenda akaitazama, akashukuru, akarudi kwenye vyumba vyake viwili juu ya kilima.

"Dada, kule huchuchumai na ndoo."

"Maji yangu yako hapa, mdogo wangu. Siku yakiniacha ndiyo nitahama."

Maji yenyewe yalikuwa chemchemi ndogo chini ya miamba miwili, mkubwa umeukalia mdogo kama kuku anayeatamia. Nyumba kumi na moja zilichota hapo. Jicho la maji lilikuwa pana kama sahani, na halikuwahi kukauka tangu sisi tukiwa wadogo.

Sasa, sisi wapasua mawe tuna utaratibu wetu, na ninausema hapa kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha wengi. Jiwe kubwa hulipasui kwa nguvu. Unaliwashia moto wa magogo na matairi chakavu juu yake mpaka lichoke, ndipo unaingiza tindo na nyundo. Lakini kabla ya kiberiti, unabisha hodi kila nyumba iliyo chini ya jiwe hilo. Siyo kwa ajili ya kuwatoa watoto peke yake. Unauliza. Mama anayeanika nguo pale kwa miaka ishirini anajua jiwe lipi limeegemea lipi, na lipi hulia mvua ikinyesha. Ukimaliza watu, unaligonga jiwe lenyewe kwa nyundo ndogo, unatega sikio. Jiwe zima linajibu kama kengele. Lenye ufa linajibu kama chungu kibovu. Kwa kifupi, unaongea kwanza. Kupiga ni mwisho.

Kiangazi kile maji yakapungua. Ndoo moja ilijaa kwa muda wa kupika ugali na kuula. Foleni ikawa ndefu, na kwenye foleni maneno. Nilipanda kumsalimia dada nikawakuta wanawake wanarushiana ndoo za watu. Jirani mmoja, mama wa Kiislamu anayeuza vitenge mjini, mwenye ulimi mtamu na mkali kwa pamoja, akaniona.

"Haya, mwenye mawe yake amefika! Mawe yote yanakujua wewe, mbona maji hayakujui?"

Wakacheka wote. Mimi sichekwi vizuri.

"Jumamosi," nikawaambia, "mtakunywa mpaka mseme basi. Mimi nitawatolea maji humu."

Dada alikuwa mlangoni. "Sema Mungu akipenda."

"Mungu alishapenda, dada. Ndiyo maana alinipa nyundo."

Wakacheka tena, safari hii upande wangu, nikasikia raha.

Alhamisi ya juma lile, sijui ilipangwa na nani, somo likaangukia pale Waisraeli wanapolia kiu jangwani. Dada akasoma. Watu wanamnung'unikia Musa, wanataja makomamanga ya Misri, Mungu anamwambia achukue fimbo yake lakini auambie mwamba, utatoa maji. Musa anawakusanya, anawaita waasi, anasema kana kwamba ni yeye na kaka yake ndio watakaotoa maji, halafu anaupiga mwamba mara mbili. Maji yanatoka mengi, watu wanakunywa na mifugo yao. Na palepale anaambiwa hatawaingiza katika ile nchi waliyoahidiwa.

Mahali hapo nilikuwa nagombana napo siku zote. Nikasema mbele ya jumuiya nzima, "Jamani, Musa alionewa. Mtu amebeba watu wabishi miaka yote ile, kosa lenyewe nyundo mbili tu! Na maji si yalitoka?"

Mwinjilisti akatabasamu akitafuta jibu. Dada akafunga Kitabu. "Hujalisikia bado," akasema. Akaondoka kwenda kutia majani kwenye chai.

Jumamosi asubuhi nilipandisha vijana wangu wanne wa kazi, magogo, na matairi. Nilipita mlango wa dada, sikubisha. Nilipita milango yote kumi na mmoja. Nilijiambia wanajua, si niliwatangazia mwenyewe kwenye foleni? Ukweli ni kwamba niliona hodi ni ya fundi anayeanza. Jiwe nalo sikuligonga kwa nyundo ndogo. Nilisimama mbali, nimeshika kiuno, nikanyoosha kidole: "Pale. Ule mdogo wa chini. Tukiupunguza, jicho litapanuka."

Moto ukakaa mpaka karibu na saa sita. Jiwe likalia, vijana wakaingiza tindo, na nyundo ya kwanza nikaipiga mimi. Ya pili pia nikaipiga mimi. Mwamba ule mdogo ukafunguka kama mkate, na maji yakatoka. Nasema yakatoka! Sijaona maji kama yale kilimani. Yalikuwa yamejikusanya nyuma ya jiwe miaka yote, yakaruka mpaka kwenye magoti yangu. Wanawake wakapiga vigelegele, yule mama wa vitenge akavua kandambili akacheza ndani yake. Mimi nikapanda juu ya kipande cha jiwe, nikanawa uso, nikasema, "Nani sasa hajulikani na maji?"

Nikasikia dada ananiita jina langu la utotoni. Alikuwa amesimama mbali, ameziba mdomo kwa upande wa kanga, anatazama juu yangu.

Mwamba mkubwa ulikuwa unashuka. Ulishuka taratibu, kama mzee anayekaa kwenye kiti cha chini, ukiguna. Tukakimbia wote, na namshukuru Mungu hakuna aliyeumia hata kucha. Ulipotulia ulikuwa umekaa palepale juu ya jicho. Maji yakaendelea kutoka pembeni jioni ile, kesho yake yakawa machozi, Jumanne pakawa pakavu. Yamekwenda njia yake huko ndani, na mimi mwenye sifa zote siwezi kukuambia yamekwenda wapi.

Dada aliniambia kitu kimoja tu siku ile. "Kale kadogo ndiko kalikokuwa kamebeba. Kila masika nilikuwa nasikia kanalia. Ungeniuliza ningekwambia."

Ungeniuliza. Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo.

Sasa mtu kama mimi akikosea anafanya nini? Ananunua. Nilipandisha tanki la plastiki kubwa kabisa, vijana wamelibeba kama jeneza kwa sababu lori halifiki, nikaliweka karibu na mlango wa dada, nikatafuta boza la maji na mpira mrefu wa kulijaza kutoka barabarani. Nikamwita mchora mabango akaandika jina langu ubavuni kwa rangi nyekundu, na chini yake kwamba ni zawadi. Majirani wakachota. Dada hakuchota. Kila asubuhi alishuka na dumu lake mpaka kwenye kioski cha maji kule chini, akapanda nalo kichwani, na magoti yake yale, akipumzika kwenye kila kona ya njia.

Nikamfuata.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Tanki liko mlangoni pako."

"Nimeliona. Ni kubwa. Halafu lina jina, kama ndama wa dhahabu, ila yule walisahau kumwandikia la kwake."

"Sasa mbona huchoti?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Nasubiri mtu abishe hodi." Akatua dumu. "Boza limekuja, rangi imekuja, vijana wamekuja. Wewe hujaja. Mimi nilikubeba mgongoni, baba. Ningekutambua ungekuja."

Nilikasirika, nikashuka. Wiki mbili sikupanda. Nikasema moyoni huyu mama ana shukrani gani, nyumba kakataa, tanki kakataa. Nilipeleka sadaka kanisani kubwa kuliko desturi yangu, nikageuza shingo kuona kama mwinjilisti ameona.

Ni huko Usagara, kwenye vumbi la mashine, ndipo lile somo liliponifikia. Mashine ile haisikilizi. Unaweka jiwe, inapiga, unaweka, inapiga. Nilikuwa nimekaa nikiitazama, nimechoka mwili mzima kama niliyebeba kilima, nikawaza wale Waisraeli. Maisha yangu yote nilikuwa nawacheka. Bahari imefunguka mbele yao, chakula wameokota chini kila asubuhi, bado wanalia vitunguu. Nilijiona mimi ni wa upande wa Musa, mtu wa kazi, mwenye fimbo mkononi. Kumbe Mungu hakuwa na shida ya maji. Maji angewapa kwa njia yoyote, na aliwapa. Alitaka watu wale wenye kiu wauone mwamba ukisemeshwa na yeye akijibu, wajue yuko hapo karibu, anasikia. Musa akasimama katikati. Waliona fimbo na mkono ulioishika. Hata mimi pale kilimani, mtu akiniuliza Mungu alikuwa upande gani siku ile, sijui, sikuangalia. Nilikuwa nimepanda juu ya jiwe.

Na hapo ndipo nilipochoka kweli. Si uchovu wa kazi. Uchovu wa kujibeba.

Jumamosi nilipanda bila nyundo na bila kijana. Nilianzia nyumba ya chini kabisa. Hodi. Karibu. "Nimekosa. Nilipasua jiwe bila kuwauliza, nimewapotezea maji." Wengine walinionea aibu, wakasema yaishe, yaishe, kunywa chai. Baba mmoja alinisikiliza mpaka mwisho akafunga mlango, na ni haki yake. Mama wa vitenge alisimama mlangoni akiniangalia kuanzia viatu hadi kichwa.

"Leo mlango umeuona?"

"Nimeuona, mama."

"Basi ingia, usije ukaniangushia na nyumba."

Alicheka, lakini alinipa kiti.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya dada. Nilibisha. Akaitika karibu haraka, kama aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango. Ndani, godoro lilikuwa limefungwa kwa kamba, vyombo viko kwenye beseni, vimefunikwa kanga juu. Alikuwa anahamia kwa binti yake, anayeishi Sengerema na ana kisima uani.

Nilipiga magoti, mimi na kitambi changu. Nikasema nimekosa. Akaniwekea mkono kichwani.

"Nilikusamehe siku ileile, kabla vumbi halijatulia."

"Basi usiende. Hamia ile nyumba ya tambarare, bomba liko ndani."

"Naenda. Uzee wangu nautaka kwa mwanangu, si kwenye bomba."

"Si umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Ila maji hayapo." Akakaa kwenye godoro. "Musa naye unafikiri hakusamehewa? Mungu aliendelea kuongea naye mpaka siku ya kufa. Alimpandisha mlimani akamwonyesha nchi yote, na alipokufa akamzika mwenyewe. Hakumwacha hata kidogo. Lakini mto wa kuingilia nchi ile hakuvuka. Usimlazimishe Mungu akurudishie kila kitu ndiyo uamini amekusamehe. Mimi magoti yangu hayawezi kioski, mdogo wangu. Basi."

Nilitaka kubisha. Nina maneno mengi, kila mtu anajua. Nikatega sikio tu.

Kabla hatujafunga mlango nilimwomba rangi ya kufuta jina kwenye tanki. Akanipa kisu cha jikoni, nikalikwangua. Tanki limebaki pale, nalijaza bado, na mama wa vitenge ndiye anayeshika ufunguo wa koki.

Siku hizi daraja la kuvukia ziwa lipo, lakini dada alitaka kivuko, alisema anataka kuuaga mji akiwa anautazama. Nilibeba godoro kichwani mpaka ndani, nikarudi kubeba beseni. Watu walionijua walishangaa kuniona na mzigo. King'ora kililia, nikamwambia, "Nikija huko nitakuja na lori moja la kokoto. Tumsakafie binti uani, kisima kisiwe na matope."

"Njoo mikono mitupu," akasema. "Na ubishe hodi."

Lango likanyanyuliwa. Kivuko kikaondoka, naye akasimama kwenye ukingo, kanga yake ikipeperuka, mpaka sikuweza tena kumtofautisha na wenzake. Nilibaki upande huu. Nikaangalia mikono yangu, haina kitu, na sikujua niiweke wapi. Nilitafuta chochote cha kuinua pale gatini, mzigo wa mtu yeyote, hapakuwa na kitu. Basi nikaiacha ining'inie hivyo, nikasimama, mpaka kivuko kilipofika ng'ambo.